Mlango Uko Nyuma ya Bujiku

Jumanne, tarehe 9 Novemba 1982. Mvua ya kwanza ya msimu ilianza kunyesha Busongwa kabla ya alfajiri, ikapiga mpaka saa nne, kisha ikakatika ghafla. Jua likatoka na hasira zake, na mji mzima ukawa unafuka mvuke kama ugali uliopakuliwa sasa hivi.

Hatibu Maulidi, mpiga picha, alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mkewe, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, akitazama mawe. Yalikuwa mengi, yamelazwa chini kwa mistari kama wanafunzi wanaotumikia adhabu. Jana yake kila jiwe lilikuwa na namba yake, imeandikwa kwa chaki kubwa nyeupe. Leo hapakuwa na namba hata moja. Mvua ilikuwa imeyaosha mawe yote, yakawa safi, yanang'aa, hayana habari na mtu.

Kosa lilikuwa la chaki, lakini mwaka ule rangi ya mafuta ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu, pamoja na sabuni na sukari. Chaki angalau ilipatikana shule ya msingi, kwa mwalimu mkuu, ambaye alikuwa nazo kwa sababu daftari za wanafunzi zilikuwa zimekwisha na ubao ulikuwa umepasuka.

"Usihofu, Mzee Hatibu," alisema Eustace, mwashi mkuu aliyeletwa kutoka mkoani kuisimamia kazi. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mtulivu, mwenye tabia ya kulamba midomo kabla ya kusema. "Ndiyo maana tulipiga picha za ukuta kabla ya kuubomoa. Kila jiwe litaonekana lilikuwa wapi. Leo unisafishie zote."

"Naam," alijibu Hatibu. Akainama kuikunja suruali ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

Nyumba yenyewe ilijengwa enzi za Mjerumani na babu yake Zuwena, mke wa Hatibu. Mzee huyo alitoka Bagamoyo kuja kununua ngozi na pembe, akaoa Msumbwa, akasahau njia ya kurudi. Busongwa nzima ilikuwa ya udongo na nyasi, lakini yeye alitaka nyumba ya mawe kama za kwao, yenye baraza mbele na mlango wa tao. Matumbawe hayakuwepo, basi akatumia mawe ya vilima vya pale pale, udongo mwingi na chokaa kidogo. Watu walimwambia hayatashikana. Akawaambia kwao yanashikana. Yalishikana miaka sabini na ushei, mpaka masika ya 1979, upande wa mashariki ulipoanguka juu ya mbuzi wawili wa jirani, na ukuta wa mbele ukabaki umeinama kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka.

Wakubwa wa mji wakakitolea macho kiwanja. Walitaka kujenga ghala la bia. Ofisi moja ya mambo ya kale ikaingilia kati: nyumba ihifadhiwe, lakini kwa sharti kwamba irudishwe kama ilivyokuwa, jiwe kwa jiwe, na mkaguzi aje aridhike kabla ya mvua kubwa za mwaka unaofuata. Mkaguzi asiporidhika, ghala la bia.

Zuwena hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alimwambia mumewe mara moja, akiwa anachambua mchele. "Baba Mageni, babu yangu amelala nyuma ya nyumba hii. Siwezi kukaa hapa nikisikiliza kreti za bia zinashushwa juu ya kichwa chake. Nyumba ikienda, naenda kwa dada yangu kule Kolandoto. Wewe utabaki na kamera yako. Uioe."

Wakati huo wote walikuwa wamehamia chumba cha kupanga kwa jirani, na Hatibu alikuwa amekwisha kuonja maisha ya kuwa mgeni wa mtu. Hakutaka kuyaonja akiwa peke yake.

Sasa, kuhusu picha.

Mwezi wa tisa, upande wa mashariki ukiwa umekwisha kusimamishwa tena na kabla ukuta wa mbele haujabomolewa, Eustace alimkabidhi Hatibu filamu moja ya picha kumi na mbili. Akamwonyesha: piga kipande hiki, halafu hiki, halafu hiki, mpaka mwisho. Kisha yeye akapanda lori kwenda Shinyanga kufuata chokaa. Hilo ndilo lilikuwa kosa la Eustace, na hakuwa na kosa lingine.

Hatibu aliweka miguu mitatu ya kamera barabarani. Kabla hajafunika kichwa kwa kitambaa cheusi, mji ulikuwa umejaa. Filamu ilikuwa haijaonekana Busongwa kwa miezi mingi. Watu walikuwa wameoa, wamezaa na wamezika bila picha.

"Unapiga nini?" aliuliza Mwahija, mke mkubwa wa Shaaban mwenye duka.

"Ukuta."

"Ukuta mtupu?"

"Mtupu."

"Wewe Hatibu una akili? Nyumba tupu hupigwa picha na polisi, pakitokea mauaji. Unamtakia nini mkeo?"

Hatibu akamtazama Zuwena. Zuwena akasema yeye hayumo. Lakini maneno ya Mwahija yalikuwa yamekwisha kumwingia Hatibu, kwa sababu na yeye kwa kweli hakuwahi kupiga picha isiyo na mtu. Miaka ishirini na tano mkono wake ulizoea kusubiri mtu ainue kidevu ndipo ubonyeze. Alijaribu kuutazama ukuta mtupu kupitia kioo; kidole kikagoma. Akamwita mtu mmoja tu asimame pembeni, ili ukubwa wa mawe ueleweke.

Mtu huyo alikuwa Bujiku, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameleta nyumbani kwa Hatibu paja zima la ndama. Bujiku hakusimama pembeni. Alisimama mbele ya mlango, kwenye kidato, akafungua mwavuli japo hapakuwa na mvua, na kutoka hapo hakuondoka tena. Yeye alikuwa na tumbo la ng'ombe mia mbili. Baada yake walikuja wengine wote. Shaaban akasimama katikati ya wake zake, Mwahija kushoto na Sikujua kulia. Akaja Kalisti, mchimbaji kutoka machimbo ya upande wa Geita, aliyekuwa ameokota kipande kizuri cha dhahabu na kununua saa. Alisimama ameshika sikio picha nzima ili saa ionekane. Akaja mwalimu mkuu. Wakaja waliokuwa wanapita.

"Kidevu juu," alisema Hatibu. "Msipumue." Na picha kumi na mbili zikaisha.

Eustace aliporudi akaambiwa kazi imekwenda vizuri. Alipotaka kuziona, Hatibu akasema dawa ya kusafishia imechacha. Wiki iliyofuata akasema karatasi zimepata unyevu. Ukuta ukabomolewa, mawe yakaandikwa chaki, Hatibu akaomba Mungu mvua ichelewe. Mungu alikuwa na ratiba yake.

Basi jioni ya Jumanne ile picha zilikauka kwenye kamba, na Eustace akazipitia moja moja, akilamba midomo.

"Mzee Hatibu."

"Naam, fundi."

"Mlango uko wapi?"

"Uko nyuma ya Bujiku."

"Na katika hii?"

"Hiyo pia."

"Na dirisha la kulia?"

"Hilo liko nyuma ya kiwiko cha Kalisti. Lakini tazama saa ilivyotoka vizuri."

Eustace akaziweka picha mezani taratibu sana, kama mtu anayejizuia kuweka kitu kingine juu ya kichwa cha mtu. "Nilikuomba ukuta," alisema. "Umeniletea harusi."

Aliyewaokoa alikuwa Zuwena. Alizichukua picha, akazitazama mbali kidogo kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni karibu, akasema, "Mawe yaliyo katikati ya watu si yanaonekana? Na watu wenyewe si wapo? Hakuna aliyekufa. Waiteni wasimame walipokuwa wamesimama. Hili jiwe lenye mshipa mweusi linagusa kofia ya Shaaban. Basi Shaaban akisimama barazani na kofia yake, jiwe linakaa hapo."

Eustace alilamba midomo mara mbili. Baraza na msingi vilikuwa havijaguswa. Mawazo yalikuwa ya kichaa, lakini hakuwa na mengine.

Ndivyo Busongwa ilivyoanza kujenga ukuta kwa kutumia watu badala ya futi. Kila asubuhi aliyehitajika aliitwa avae nguo zake za picha na asimame barazani. Eustace alisimika mti nyuma yake, akaweka alama kwenye utosi, kwenye bega, kwenye sikio, halafu waashi wakatafuta jiwe linalofanana na lile la kwenye picha. Shaaban alifunga duka lake kwa fahari. Halikuwa na bidhaa hata hivyo. Kalisti aliitwa kutoka machimboni, akaja bila saa, alikuwa ameshaiuza, ikabidi Hatibu amfunge kitambaa mahali pa saa ili fundi ajue mkono ulikuwa umeinuliwa kiasi gani.

"Bujiku, sogea kidogo," alisema Eustace.

"Yaya! Sisogei. Nilisimama hapa hapa."

"Kwenye picha tumbo lako linagusa nguzo ya baraza."

"Wakati ule nilikuwa nimekula."

"Basi kale."

Bujiku akaenda akala, akarudi, na kweli akagusa.

Ukuta ukapanda. Kozi, yaani ile safu moja ya mawe juu ya nyingine, zilianza kuonekana, na watu wakaanza kuzungumza habari za ukuta kana kwamba ni mtoto wao. Lakini ulipofika usawa wa madirisha, ukaharibika. Upande wa Bujiku kozi zilikuwa sawa. Upande wa kushoto, uliopimwa kwa kimo cha Mwahija, zilikuwa zinateremka. Dirisha la kushoto lilikuwa shibiri nzima chini ya la kulia. Eustace akaweka pima maji. Povu likakimbilia pembeni. Akabomoa akajenga upya. Likakimbia tena.

"Mama, una hakika ulisimama hapa?" aliuliza.

"Macho si unayo? Tazama picha. Kichwa changu kiko sawa na kichwa cha huyu," alisema Mwahija, akimnyooshea Sikujua kidole, na kulikuwa na furaha ya ajabu katika kidole kile.

"Sasa mbona leo umemfika begani?"

"Mtu hawezi kuchoka?"

Sikujua, mke mdogo, mrefu kama mtama, aliziinamia picha tena. Alikuwa amezitazama picha zile tangu zitoke, kila siku, bila kuelewa.

Aliyeelewa alikuwa Hatibu. Katika studio yake palikuwa na boksi la mbao, lililokuja zamani na majani ya chai. Wateja waliliita boksi la heshima. Mfupi alipanda juu yake, gauni au kanzu ikafunika, na kwenye picha akatoka mtu wa kutosha. Mabwana harusi wafupi wa Busongwa wote walikuwa wamelipanda, na wakubwa kadhaa ambao majina yao Hatibu asingeyataja hata kwa kupigwa. Hilo ndilo lililokuwa limeiweka studio yake hai. Kahama kulikuwa na wapiga picha wenye kamera bora kuliko yake, lakini hakuna aliyefunga mdomo kama yeye. Hata Zuwena alidhani ndani ya boksi mna dawa.

Siku ile ya picha, boksi lilikuwa chini ya gauni la Mwahija.

Hatibu alimfuata Mwahija penye jiko lake la chapati, akasema naye kwa sauti ya chini. "Mama, nakuomba. Mwambie fundi mwenyewe. Mwambie tu ulikanyaga jiwe."

"Jiwe gani?"

"Lolote."

"Baba Mageni," alisema Mwahija, akigeuza chapati, "nimeishi na yule mlingoti miaka sita. Miaka sita ananiambia, dada, nikushushie sufuria? Dada, nikufungulie komeo? Nimepata picha moja. Moja! Ukifungua mdomo wako, mimi nafungua wangu, nawataja wote uliowapandisha. Uone nani atakanyaga tena kwako."

"Nyumba ya Zuwena itakuwa ghala la bia."

"Mimi sinywi."

Hatibu akarudi. Akanyamaza siku ile na zilizofuata, na ukuta ukabomolewa kwa mara ya nne.

Ndipo Eustace alipochoka. Aliwaita watu wote wa picha mbele ya nyumba, akafuta mikono yake, akasema kwamba yeye ataandika mkoani kuwa ukuta umeshindikana. "Ama nyumba hii ilijengwa na mlevi, ama picha inasema uongo. Mimi siwezi kuweka dirisha linaloteleza. Mkaguzi atacheka. Samahani, Mama Mageni."

Zuwena alisema, "Ahsante kwa kazi, fundi." Akavuka barabara, akaingia kwenye chumba chao cha kupanga. Mlango ulikuwa wazi, na Hatibu kutoka pale alipokuwa aliona anashusha mkoba kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja kanga. Hakukunja kwa hasira. Alikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayejua safari yake.

Hatibu akafungua mdomo na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyoitaka.

"Mwahija alisimama juu ya boksi!"

 Hata kuku waligeuza shingo.

"Hatibu!" Mwahija alipiga kelele. "Umenivua nguo mbele za watu!"

"Nimekuvua boksi. Nguo unazo."

Sikujua alikaa chini. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaanza kupiga ardhi kwa kiganja. Shaaban aliitazama picha, akamtazama mkewe, akasema polepole, "Kumbe. Mimi nilifurahi nikadhani mtu anaweza kurefuka uzeeni."

"Na mimi sifi peke yangu!" alisema Mwahija, mikono kiunoni. "Kalisti! Sema ulipanda au hukupanda!"

Kalisti akakuna shingo. "Nilipanda. Lakini mguu mmoja tu. Mwingine ulikuwa chini."

"Mwalimu mkuu!"

Mwalimu mkuu akatazama juu, kana kwamba kuna ndege adimu anapita. "Kitaalamu," alisema, "ni kweli."

Eustace alikuwa ameshika kichwa. "Kuna mtu yeyote hapa aliyesimama chini?"

"Mimi," alisema Bujiku. "Boksi lilikataa."

Ndipo Eustace akaanza kucheka, na alipoanza ilichukua muda kumtuliza. Akataka boksi. Hatibu akalitoa studioni mwenyewe, mchana kweupe, wakubwa kadhaa wa mji wakajificha nyuma ya migongo ya wenzao. Likawekwa barazani. Mwahija akapandishwa, huku akitukana ukoo wa Hatibu mpaka kwa babu wa babu, na utosi wake ukafika pale pale picha iliposema. Kalisti akapanda mguu mmoja. Mwalimu mkuu akapanda na kushuka haraka. Na kuanzia siku ile povu la pima maji likakaa katikati.

Zuwena aliusikia ule ukelele. Hakutoka. Lakini mkoba ulibaki kitandani, haukufungwa wala haukutolewa vitu, na kila Hatibu alipoingia alikuta umelala hapo, kanga zikichungulia, na usiku aliusogeza ukutani apate pa kulala.

Wiki zikapita. Mawe ya tao yalijulikana kwa sababu yalichongwa kama kabari. Mengine yakapata watu wake. Mwishowe ukuta mzima ulikuwa umesimama isipokuwa tundu moja kando ya mlango, na tundu lile, ukisimama barabarani, lilikuwa na mabega, tumbo na juu yake mwavuli. Hakuna picha iliyoonyesha kulikuwa na nini pale. Chini yalikuwa yamebaki mawe ambayo hayakuonekana popote.

"Haya," alisema Eustace, "yanatosha Bujiku mmoja."

Wakayapanga kwa kubahatisha. Kwa bahati yalitosha, likabaki moja tu la kukalia.

Mkaguzi alikuja mwezi wa pili, siku ya Alhamisi, ndani ya Landrover, mtu mfupi mwenye faili na tai. Hakusalimia sana. Alitembea mbele ya ukuta na picha mkononi, akalinganisha jiwe na jiwe, huku Busongwa nzima ikiwa nyuma yake. Zuwena alisimama pembeni, mkono mdomoni. Mkaguzi alipofika kando ya mlango akasimama. Akapapasa mawe. Akarudi nyuma, akasogea tena. Hatibu akajibanza nyuma ya Bujiku.

"Hapa," alisema mkaguzi, akigeuka kwa Eustace. "Hapa ndipo unapoona kazi ya wazee wenyewe. Huko kwingine nyinyi mmejitahidi. Lakini hapa, tazama mpangilio! Waashi wa siku hizi hawawezi."

Eustace alikohoa. Bujiku alivimba, akataka kusema kitu, akakanyagwa na watu wawili.

Mkaguzi akatia sahihi juu ya boneti ya gari. Kisha akasema inahitajika picha moja ya ukuta uliokamilika, kwa ajili ya kumbukumbu. Eustace akawafukuza watu wote hadi ng'ambo ya barabara, hata mbuzi. Hatibu akaweka kamera, akafunika kichwa. Ukuta ulikuwa mtupu na mzuri. Alikuwa ameshaapa moyoni kwamba safari hii kidole hakitagoma. Mkaguzi akanyoosha tai yake, akaenda akasimama katikati ya mlango, faili kwapani.

"Piga," alisema.

Eustace akageukia upande mwingine.

"Kidevu juu," alisema Hatibu, na akapiga.

Kesho yake asubuhi, kabla jua halijatoka, Hatibu aliamka taratibu asimwamshe Zuwena. Aliuchukua ule mkoba pale ukutani, akautia kwapani, akajitwika godoro la mtoto wao, Mageni, kichwani, akavuka barabara. Mwahija alikuwa ameshawasha jiko, alimtemea maneno ambayo hayaandikiki, naye akamjibu, "Umeamkaje, Mama." Aliingia ndani ya nyumba ya mawe, akaweka godoro chumbani, akazitoa kanga moja moja na kuzitundika kwenye kamba. Kisha akarudi kufuata kitanda.